Msikiti Usio na Paa Bado ni Msikiti: Ziara ya Kilwa Kisiwani

Shukrani zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyewahimiza waja Wake watembee katika ardhi na kuzingatia mwisho wa waliotangulia. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu msomaji, sisi tunaoishi nyanda za juu za Kigoma, katika Kibondo na Kasulu, tumezoea misikiti ya matofali ya kuchoma na mabati, ambayo wengi waliyoijenga tunawajua kwa majina. Tulipoazimia kuzuru, familia chache za miji hiyo miwili, Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, tulikwenda na swali ambalo halikuwa la historia peke yake. Je, msikiti ambao paa lake limeanguka na adhana yake imekatika kwa karne nyingi ungali msikiti? Jibu lake ndilo linaloamua mgeni avae nini, aingieje na afanye nini humo.

Safari yenyewe ilikuwa ndefu. Tulishuka kwa basi kutoka Kibondo, tukaungana na wenzetu Kasulu, kisha tukapanda treni ya Reli ya Kati mjini Kigoma. Reli hiyo ilifika Kigoma mwaka 1914, na kwa sehemu kubwa inaandama njia ya misafara ya kale iliyounganisha Ujiji, Tabora na pwani. Kwa njia hiyo walipita wafanyabiashara na waalimu wa Qur'ani, na kwa njia hiyo hiyo walipita watu waliofungwa minyororo. Tuliwaeleza watoto yote mawili, kwani historia haisomwi nusu. Kutoka Dar es Salaam tulishika barabara ya kusini hadi Nangurukuru, tukaingia Kilwa Masoko. Huko tulichukua kibali na mwongozaji, tukavuka kwa mashua hadi kisiwani.

Msikiti Mkuu hauko mbali na ufukwe. Sehemu yake ya kaskazini, ambayo ndiyo kongwe, ilianza kujengwa katika karne ya 11 au ya 12 kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Katika karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliupanua sana kuelekea kusini kwa matao na kuba, na katika karne ya 15 ukafanyiwa ujenzi mpya mkubwa. Nguzo zenye pande nane zimesimama safu kwa safu. Baadhi ya kuba zingalipo, na kwingineko mbingu ndiyo dari.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji kwa uzuri wake na watu wake kwa dini na wema. Alisimulia kwamba sultani huyo, aliyeitwa Abul-Mawahib kwa wingi wa ukarimu wake, alikutana na fakiri kutoka Yemen baada ya swala ya Ijumaa. Fakiri akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadili mavazi, akamkabidhi yale aliyoombwa. Baadaye nguo zile zilikombolewa kwa watumwa, na sultani akamwongezea watumwa wengine na pembe za ndovu. Ukarimu na dhuluma ya zama zile vimo katika kisa kimoja, nasi tulikisoma chote.

Tulipofika mlangoni ndipo swali letu lilipopata uzito. Kijana mmoja wa msafara alitaka kupanda juu ya ukuta ili apigwe picha. Mama mmoja aliuliza kwa faragha kama mwanamke aliye katika siku zake anaruhusiwa kuingia, maadamu pale hapaswaliwi tena. Wengine waliona kuwa ni magofu ya serikali, yana kibali na kiingilio, basi hukumu za msikiti zimeondoka.

Maalim tuliyefuatana naye alitukalisha chini ya kivuli, akatueleza kwa utulivu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo Ibn Battuta aliwakuta nayo watu wa Kilwa na ambayo wengi wetu tunayafuata, mahali palipowekwa wakfu kuwa msikiti hubaki msikiti daima. Jengo likianguka na watu wakahama, ardhi ile hairudi kwa aliyeitoa wala kwa warithi wake, wala haiuzwi. Zipo kauli nyingine: Imam Muhammad bin al-Hasan, mwanafunzi wa Abu Hanifa, aliona kuwa mali hiyo hurejea kwa mwenyewe au warithi wake, na Mahanbali huruhusu kuuzwa kwa msikiti usiofaa tena ili thamani yake ihudumie mwingine. Lakini kwa mwenye kufuata kauli ya Imam Shafi, hukumu za twahara na heshima zinabaki.

Basi mambo yakawa wazi. Kijana akashuka ukutani bila kugombezwa. Dada zetu waliokuwa na udhuru walibaki nje na wadogo, wakaonyeshwa kuta na matao kutoka huko. Tulivua viatu. Maalim alibainisha kwamba kuvua si wajibu kwa viatu vilivyo safi, kwani Mtume (S.A.W.) aliwahi kuswali na ndara zake, lakini ni adabu inayojulikana kwetu na inayohifadhi sakafu. Tuliingia kwa mguu wa kulia na kwa dua ya kuingia msikitini. Kisha, baada ya mwongozaji kuturidhia na kutuonyesha mahali pasipo hatari ya mawe kuanguka, tukaswali rakaa mbili za maamkizi ya msikiti. Watoto waliokuwa wakikimbizana walinyamaza wenyewe.

Baada ya hapo tuliangalia maji. Kando ya msikiti kuna mahali pa kutawadhia. Mwendo huu wa maji mlangoni ulikuwa desturi ya pwani nzima: Ibn Battuta alieleza kwamba Mombasa kila mlango wa msikiti ulikuwa na kisima, watu wakiteka maji kwa kata ya mti, wakaosha miguu, kisha wakaifuta kwenye jamvi nene kabla ya kuingia.

Visima vya Kilwa vilinywesha pia bustani. Mwaka 1505 Wareno waliuvamia mji na kuupora. Mmoja wa waliofuatana na meli zao aliandika kuhusu machungwa, malimau, vitunguu na majani yenye harufu nzuri, vyote vikioteshwa katika bustani zilizomwagiliwa maji ya visima. Bustani zile hazipo tena. Leo mgeni huona mibuyu, miti ya matunda ya wenyeji, na mikoko ufukweni.

Mikoko hiyo ina kazi kubwa, kwa sababu huvunja nguvu ya mawimbi yanayokula ukingo wa kisiwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa miongoni mwa maeneo yaliyo hatarini, na mwaka 2014 yakaondolewa humo baada ya kazi ya kuyahifadhi. Tulijifunza jambo la pande mbili: mti uliopandwa mahali pake hulinda msikiti, na mti ulioachwa kuota ndani ya ukuta huupasua kwa mizizi.

Adhuhuri tuliswali na wenyeji wa kisiwa katika msikiti wao wa sasa. Tunawausia watakaozuru: anzeni kwa salamu kwa wanakijiji, kwani mnapita katika makazi yao. Vaeni mavazi ya stara. Msiokote hata kigae cha chungu. Ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na mlipeni mwongozaji haki yake kwa uso mkunjufu.

Tuliporudi milimani, swali la Kilwa lilitufuata hadi kwenye kikao cha kamati. Sehemu ya kiwanja cha msikiti wetu ilitolewa na mzee aliye hai, kwa kauli mbele ya watu ambao sasa wamebaki wachache. Tulimwendea pamoja na wanawe, tukawasimulia yale tuliyosikia mlangoni pa msikiti usio na paa. Mzee alisema wakfu wake ni wa Mwenyezi Mungu na anataka ujulikane hivyo akiwa hai. Umeandikwa, umeshuhudiwa, na wanawe wametia saini. Kamati yoyote yenye kiwanja cha namna hiyo isingoje msiba ndipo itafute mashahidi.

Kisha tukachimba mfereji kutoka mahali pa kutawadhia, ili maji yanayomwagika yaelekee kwenye miche ya miembe, maparachichi na milimau, hatua kadhaa mbali na msingi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba apandaye mti, kila akilacho humo mtu, ndege au mnyama ni sadaka kwake. Watoto waliokwenda Kilwa wamepewa kila mmoja mche wa kuutunza.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliojenga Kilwa, awape kheri wanaoilinda, na ajaalie wakfu wa mzee wetu usipotee. Amin. Wabillahi tawfiq.