Kukua Bila Kuhama Mtaa

Riwaya ya makuzi ina njia yake, na sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeizoea tangu sekondari. Mtoto anazaliwa mahali fulani, anateseka, anafunga safari, anafika, anakuwa mtu mzima. Katika Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, Kongowea anaondoka Tanga na kuvuka mpaka kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, Rosa anatoka kwenye ukali wa baba yake kisiwani Ukerewe, na huko nje ulimwengu unamfunza kwa namna yake. Safari inaweza kumfaa shujaa au kummaliza, lakini lazima iwepo.

Muhula uliopita mwalimu wetu wa fasihi linganishi alimtaka kila mmoja wetu achague riwaya za makuzi kutoka nje ya Afrika na azieleze darasani kwa Kiswahili, bila kuchanganya Kifaransa wala Kiingereza. Wenzangu wengi walichagua za Ufaransa. Mimi nilichagua tatu za Marekani, za waandishi wenye asili ya Meksiko na Puerto Rico. Mashujaa wake ni vijana wa kiume wa mjini wanaowapenda vijana wenzao wa kiume. Sababu ya kuzichagua nitaifikia. Kwanza nizieleze zenyewe, maana hata darasani nilianzia hapo.

Ya kwanza ni Chulito ya Charles Rice-González, iliyochapishwa mwaka 2011. Mwandishi alizaliwa Puerto Rico, akalelewa Bronx, jijini New York, na mwaka 1998 yeye na mcheza dansi Arthur Aviles walianzisha huko huko Bronx kituo cha sanaa kiitwacho BAAD!. Riwaya inatokea Hunts Point, mtaa wa kusini mwa Bronx wenye magereji, maghala na soko kubwa la jumla la vyakula. Hata soko la samaki la jiji lilihamishiwa huko mwaka 2005. Chulito ana miaka 16. Jina lake ni la kubembeleza, kama sisi tungemwita mtoto "kazuri". Mtaa mzima umemwona akikua: mwenye duka la pembeni, Wachina wa mkahawa, vijana wa kijiweni. Rafiki yake wa utotoni ni Carlos. Walipobalehe, watu wakaanza kumwita Carlos kwa neno la Kihispania, pato. Chulito akamkwepa, akazika aliyokuwa akiyasikia moyoni, akashikamana na Kamikaze, muuza dawa za kulevya wa pale pale mtaani. Kisha Carlos anarudi likizo baada ya mwaka wake wa kwanza chuoni, wanabusiana kwa siri, na tangu hapo Chulito anashindwa kuendelea kuwa watu wawili katika mwili mmoja.

Ya pili inajulikana zaidi: Aristotle and Dante Discover the Secrets of the Universe ya Benjamin Alire Sáenz, ya mwaka 2012. Inatokea El Paso, mji wa Texas ulio mpakani na Meksiko, mwaka 1987. Ari ana miaka 15 na hajui kuogelea. Dante anajitolea kumfundisha. Nyumbani kwa Ari kuna ukimya wa aina mbili. Baba alipigana vita vya Vietnam na hasimulii. Kaka mkubwa, Bernardo, yuko gerezani, na jina lake halitajwi. Mama ameweka bahasha yenye jina la mwanawe huyo ndani ya droo, Ari anaigundua, na inamchukua muda mrefu kuthubutu kujua kilichomo. Kijana anayelelewa katika nyumba kama hiyo anajifunza mapema kwamba mambo makubwa hayasemwi, na lake mwenyewe halisemi.

Ya tatu ni More Happy Than Not ya Adam Silvera, ya mwaka 2015, nayo ni ya Bronx. Ndani yake kuna taasisi yenye uwezo wa kufuta kumbukumbu za mtu, na kijana Aaron Soto anavutwa na wazo la kufutiwa ukweli kwamba anawapenda wavulana. Mwandishi amebuni mashine, lakini hamu ya kufutwa hakuibuni. Ipo katika kila mji.

Nilipozisoma tatu hizi pamoja niligundua jambo ambalo ndilo hoja yangu. Zamani, katika fasihi ya aina hii, shujaa alikuwa mtu wa kuondoka. Mwaka 1963 John Rechy, mzaliwa wa El Paso vilevile, alitoa City of Night: msimulizi wake hana hata jina, anazunguka kutoka jiji moja hadi jingine, anaishi usiku. Kwake mji ni mahali pa kupotelea. Vijana wa riwaya hizi mpya hawataki kupotea. Chulito anaweza kupanda treni kwenda Manhattan, kwenye gati za mto ambako vijana kama yeye hukutana bila kuogopa, na kitabu kinatuonyesha gati hizo. Lakini moyo wake uko Hunts Point. Anamtaka Carlos, na anautaka mtaa uliomlea. Swali la riwaya hizi linapindua njia niliyoitaja mwanzo: je, mtu anaweza kukua na kuwa mtu mzima bila kuhama?

Sasa nieleze kwa nini swali hilo lilinishika.

Nimezaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Anayeujua hahitaji maelezo. Asiyeujua na aone hivi: nchi nzima inaongea Kirundi, nasi tuna mitaa yetu yenye namba, misikiti yetu, magereji yanayolia nyundo tangu asubuhi, ndagala wakavu na mukeke wa Ziwa Tanganyika, na Kiswahili kama lugha ya mama. Nje tunaitwa Waswahili kwa sauti ambayo si ya heshima kila mara, kwa hiyo ndani tunashikamana. Mtaa unalea. Mama wa jirani anaweza kukuchapa, kukulisha na kukuuliza unatoka wapi saa hizi. Niliposoma jinsi Hunts Point inavyomwangalia Chulito sikuhitaji kamusi. Mtaa unaokulisha ndio huo huo unaokuchunga, na kwa macho yale yale.

Nina kaka mkubwa. Alipokuwa na miaka 17 walianza kumwita majina barabarani. Alipofika 20 hakupita tena mbele ya gereji fulani. Alizunguka mtaa wa nyuma. Nchini kwetu mapenzi ya namna hii ni kosa la jinai tangu mwaka 2009, lakini sheria haikuwa ya kwanza kumfikia. Mtaa ulitangulia. Aliondoka miaka mitano iliyopita, yuko nchi jirani, anafanya kazi ya mikono, na hunipigia simu mimi. Nyumbani jina lake halikutajwa tena. Hatuna bahasha ndani ya droo, ila picha zake zilihama kutoka ukutani kwenda kwenye sanduku la vitenge, na hakuna aliyesema nani kazihamisha.

Kwa hiyo nilipokaa kuandaa wasilisho langu, tatizo halikuwa kuelewa riwaya. Tatizo lilikuwa maneno. Pato maana yake ni bata. Ugani halina ubaya wowote. Mtaani ni jiwe. Mariposa ni kipepeo, nalo hutupwa kwa vijana hao hao, ingawa mwaka 2009 Rigoberto González aliliokota akaliweka kwenye jalada la kitabu chake The Mariposa Club, kuhusu marafiki wanne wanaotaka kuanzisha klabu yao shuleni. Nami kwa Kiswahili nina nini? Nina neno shoga, ambalo Pwani wanawake huitana kwa mapenzi, yaani rafiki wa kike, na ambalo kwetu mwanamume akiitwa hivyo anajua jiwe la pili liko njiani. Kuna mengine sitayaandika hapa. Kila msomaji anayajua. Na kuna msemo wa magazeti, "wapenzi wa jinsia moja", ambao hautukani lakini unasomeka kama jalada la polisi. Huwezi kumwambia mama mzazi kuhusu mwanawe kwa msemo huo.

Nilihangaika siku kadhaa, mpaka nikatambua kwamba msaada ulikuwa kwenye sarufi, mahali ambapo hatuangalii kwa sababu ni petu. Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika viwakilishi. Mwingereza akisema nani anampenda nani, lazima aseme na jinsia zao. Mhispania hata vivumishi vyake vinafichua. Sisi tunasema "alimpenda", na neno limekamilika. Tunasema mpenzi, mwenzangu, kijana, na hakuna anayejua zaidi ya kwamba mtu amempenda mtu. Wengine watasema huko ni kuficha. Nami naona kuna nafasi: msikilizaji anapewa kwanza mapenzi, halafu ndipo anaulizwa atafanya nayo nini.

Nilitaka kuhakikisha, na jaji niliyemtaka hakuwa mwalimu. Jioni moja Mama alikuwa anachambua mchele, nikamwambia nina kazi ya chuo, anisikilize. Nikamsimulia habari za kijana asiyejua kuogelea na mwenzake aliyemfundisha, jinsi Ari alivyomwokoa mwenzake asigongwe na gari, akavunjika miguu yeye. Nilisema alimpenda, alimkumbuka, alimwandikia. Mama akauliza, "Huyo mwenzake ni wa kike?"

"Hapana, Mama. Wa kiume."

Mikono yake iliendelea na mchele. Baadaye akasema, "Haya, endelea."

Nikafika kwa shangazi yake Ari, Ophelia. Huyo aliishi miaka mingi na mwanamke mwenzake, na alipofariki ndugu zake walikataa kuja kumzika. Hapo Mama akaweka ungo chini.

"Hata mazishini?"

"Hata mazishini."

"Basi hao si watu," akasema. "Maiti haisusiwi."

Hakusema zaidi na mimi sikusukuma. Kwetu mtu anaweza kugombana na nduguye maisha yote, lakini siku ya msiba atabeba jeneza. Mwandishi wa El Paso, mtu aliyewahi kuwa padri, alikuwa amegusa sheria ambayo Mama anaiweka juu ya sheria nyingine zote, bila kujua kuna Buyenzi duniani. Siku tatu zilipita. Asubuhi moja, akinimiminia chai, Mama aliniuliza, "Kaka yako huko anakula wapi?" Nikamwambia anapika mwenyewe. Akasema, "Hajui kupika," na akaenda zake.

Msomaji asidhani nadai kwamba riwaya moja imeponya nyumba. Picha bado zimo sandukuni. Nadai jambo dogo zaidi, ambalo kwa mwanafunzi wa fasihi si dogo: hadithi ilimpa Mama mlango wa kuuliza ambao sisi watoto wake hatukuweza kumfungulia. Angeulizwa kuhusu mwanawe, angenyamaza, kwa sababu jibu linataka aamue. Kuhusu shangazi wa mtu wa El Paso aliweza kuhukumu kwa uhuru, na hukumu yake ikamrudia mwenyewe taratibu.

Darasani nilisimulia kwa njia hiyo hiyo, nikitumia maneno yetu ya kawaida na bila tusi hata moja. Wenzangu waligawanyika. Mmoja aliuliza kwa nini tuhangaike na habari za Walatino wa Marekani wakati zetu hazijaandikwa. Mwingine alisema fasihi lazima ijenge maadili. Mwalimu hakumtetea yeyote. Aliuliza tu ni lini mara ya mwisho tulipomkuta kijana wa namna hiyo katika riwaya ya Kiswahili akiwa na mama, na njaa, na mtihani wa kufaulu, badala ya kupita ukurasa mmoja kama kichekesho au onyo. Tulikaa kimya, kila mmoja akitafuta akilini.

Kwa yule wa kwanza nina jibu sasa. Ninasoma za kwao kwa sababu wao walishajibu swali la jinsi ya kuandika mtaa bila kuuchukia. Rice-González hakuigeuza Hunts Point kuwa jehanamu. Mtaa wake una muziki, chakula, mizaha na watu wanaolinda watoto wao, na watu hao hao wanatupa neno pato. Vyote viwili ni kweli. Anayetaka kuiandika Buyenzi itabidi aandike hivyo, na si lazima amuue shujaa mwishoni ili msomaji apate funzo. Chulito hafi. Ari na Dante hawafi.

Nilipomsimulia kaka yangu Chulito kwa simu, alisikiliza hadi mwisho na hakuuliza habari za Carlos. Aliuliza kama kijana alitaka kubaki mtaani kwao. Nikamwambia ndiyo, kitabu kizima ndicho anachokitafuta. Akasema nimtafutie nakala, Kiingereza chake atajitahidi. Ningependa siku moja nimpelekee ya Kiswahili.