Ngazi Iliyokatika Kipago

Mjini Bura, mashariki ya Mto Tana katika Kaunti ya Garissa, mtoto wa mfugaji aghalabu hujua kuhesabu kabla ya kujua kusoma. Asubuhi hukabidhiwa mbuzi; jioni huulizwa idadi yao. Hivyo basi, mwanafunzi wa Bura aangukapo mtihani wa hisabati chuo kikuu, wanaosema hana kichwa cha hesabu huwa wamepotea njia.

Mwanafunzi mmoja wa huko alijiunga na chuo kikuu mwaka 2023. Muhula wa kwanza alianguka somo la kalkulasi. Alikesha, akakariri kanuni zote, akarudia mtihani, akaanguka tena. Mhadhiri alimwita, akampa swali dogo kuhusu mteremko wa mstari ulionyooka. Kalamu ikasimama. Ilikuwa mada ya kidato cha pili.

Kidato cha pili alikianza Januari 2020. Tarehe 13 mwezi huo, magaidi waliwaua walimu watatu huko Kamuthe, katika kaunti hiyohiyo. Walimu wengi waliotoka nje ya eneo hilo wakahamishwa, maana nani awezaye kufundisha huku roho i mkononi? Mwezi Machi shule zote nchini zikafungwa kwa sababu ya korona, na darasa lake halikurejea hadi Januari 2021.

Msomaji wa riwaya aweza kuruka sura moja na bado akaokota maana mbele ya safari. Hisabati haina huruma hiyo. Kalkulasi husimama juu ya mteremko, mteremko juu ya aljebra, na aljebra juu ya sehemu na uwiano. Kipago kimoja kikikatika, bidii ya mpandaji pekee haimfikishi juu.

Kijana yule alivirudia vitabu vya kidato cha pili, kila jioni, pamoja na wenzake wawili. Kiingereza cha darasani kilipomshinda, walimweleza kwa Kiswahili. Naye akaipanga hoja kichwani kwa Kisomali, kisha akaiandika. Hakuona haya. Mtihani uliofuata alifaulu, ingawa si kwa alama za kujivunia.

Wahenga walinena: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya vyuo kuuliza mwanafunzi ana akili kiasi gani, viulize kwanza ni mwaka gani alikosa mwalimu.