Mikono Yako Imetoka Wapi?



Katika makala haya nakusudia kueleza kosa langu mwenyewe, na jinsi kosa hilo lilivyobadili namna ninavyofundisha somo la afya. Mimi ni mkufunzi wa chuo cha ualimu, mwenye stashahada ya elimu. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nimewafundisha walimu wanafunzi jinsi maradhi yanavyoenea, nami nilidhani naijua kazi hiyo barabara.

Mwaka 2018 mama yangu alipasuliwa tumbo, nikapata ruhusa ya kwenda kumwuguza. Kama ilivyo desturi yetu, ndugu wa mgonjwa hushika kazi nyingi wodini: kulisha, kufua, kumgeuza mgonjwa kitandani. Siku ya tatu bibi wa kitanda cha jirani alishikwa na kichefuchefu. Nikamshikia beseni akatapika, nikaenda kulimwaga, nikajifuta mikono kwa leso yangu. Niliporudi niliona ukingo wa bandeji ya mama umebanduka, nikainama ili niurudishe.

"Mwalimu, subiri kidogo," ilisema sauti nyuma yangu. "Mikono yako imetoka wapi?"

Alikuwa muuguzi mkufunzi, pamoja na wanafunzi wake watano. Sikuwa na jibu. Hakunikaripia. Alinipeleka kwenye bomba, akanawa kwa sabuni pamoja nami: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba, kisha ncha za vidole. Kazi hiyo ilichukua karibu dakika nzima. Mimi nilikuwa nimezoea kunawa kwa muda wa pumzi mbili tu.

Kisha akamwendea mama. "Shikamoo, mama. Tunataka kukitazama kidonda. Ukisikia maumivu utuambie, tutasimama." Mama alipoitikia, akamwachia mwanafunzi mmoja afanye kazi, wengine wakitazama asiguse kitu kisicho safi kabla ya kufikia kidonda. Kijana yule alijikuna shavu. Bila ya kuambiwa na mtu, akarudi bombani kunawa upya.

Siku ya tano kidonda cha mama kilitoa usaha. Hakuna aliyeweza kusema usaha ule ulisababishwa na nini, wala hakuna aliyenilaumu. Lakini mimi nilikumbuka kwamba kabla ya siku ile nilikwisha kuishika bandeji mara nyingi. Mama alikaa wodini wiki mbili zaidi, ndipo akapona.

Jambo hili si geni katika historia ya uuguzi na utabibu. Mwaka 1847, mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona kwamba wazazi wengi walifariki katika wodi walimofunzwa madaktari wanafunzi. Wanafunzi hao walitoka kupasua maiti, wakaingia moja kwa moja kuwazalisha akina mama. Mwezi wa Aprili mwaka huo walifariki wazazi 18 hivi katika kila 100. Semmelweis akaamuru kila mtu anawe kwa maji yenye klorini kabla ya kumgusa mzazi. Mwezi wa Juni walifariki 2 hivi katika kila 100. Hata hivyo madaktari wengi wa wakati wake walikataa kukubali kwamba mikono yao wenyewe ilikuwa ikileta kifo.

Tangu mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani limewaelekeza wauguzi kusafisha mikono katika nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi kamili, kama kufunga kidonda, baada ya kukaribiana na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka.

Je, hayo yanamhusu mwalimu wa shule ya msingi? Niliporudi chuoni nilikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha. Mtoto mmoja alianguka uwanjani, goti likatoka damu. Mwalimu mwanafunzi, ambaye katika jaribio langu la afya alipata alama 9 kati ya 10, alilifuta goti lile kwa kitambaa cha kufutia ubao. Nilitambua kwamba kosa halikuwa lake. Mimi ndiye niliyemfundisha kutaja, nisimfundishe kutenda.

Sasa nafundisha hivi. Nasaga chaki nyekundu, naichanganya na mafuta kidogo ya kupikia, nampaka mwanafunzi mmoja kiganjani. Anashikana mkono na wa pili, wa pili na wa tatu, hadi wa sita. Kisha wote wanafungua madaftari yao. Nawauliza: wekundu umefika wapi? Wanauona kwenye kalamu, kwenye kurasa, hata kwenye pua. Halafu watatu wananawa kwa maji matupu, na watatu kwa sabuni na maji yanayotiririka. Tofauti wanaieleza wenyewe. Lakini nawaonya kwamba chaki huonekana, na vijidudu havionekani.

Baada ya hapo tunafanya zoezi la goti. Mwalimu ananawa kwanza. Anavaa glavu, au kama hakuna, anatia mkono katika mfuko safi wa plastiki. Anamwambia mtoto anachotaka kufanya. Damu ikitoka sana analikandamiza jeraha kwa kitambaa safi. Ikipungua analiosha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kisha analifunika. Mwisho ananawa tena. Kila mwanafunzi hufanya, na mwenzake humkagua.

Shule isiyo na bomba yaweza kutengeneza kibuyu chirizi kwa dumu, kamba na kijiti cha kukanyaga. Beseni moja la darasa zima halifai, kwani wa mwisho hunawa uchafu wa wote.

Ndugu mwalimu, lijaribu somo hili katika mazoezi yako. Usitosheke na watoto kujibu kwa sauti moja. Wangoje wakati wa uji, usimame mlangoni, umwulize kila mmoja mikono yake imetoka wapi. Nawe ujiulize kabla yao.