Si kila pembe ni ya ndovu

Msomaji wangu, ukisikia neno pembe hapa Kenya, bila shaka unawaza moshi: zile tani 12 zilizochomwa 1989 katika Mbuga ya Nairobi, au tani 105 za 2016. Mimi nami niliushangilia moto ule wa pili.

Lakini hebu twende kisiwa cha St. Lawrence, Alaska, vijiji vya Gambell na Savoonga. Wayupik wa huko humwinda walrasi, mnyama wa baharini kama sili mkubwa, mwenye meno mawili marefu. Nyama huliwa, meno huchongwa ndege, sili na dubu, siku hizi mara nyingi kwa mashine kama ile ya daktari wa meno (yale makelele unayajua!). Fedha hizo hununua petroli ya mashua na chakula cha dukani, ghali ajabu.

Sheria ya Marekani ya 1972 inawaruhusu, ila jino lisilochongwa haliuzwi kwa mgeni. Taabu ni kwamba tangu 2016 jimbo la California, likitaka kumlinda ndovu wetu, limepiga marufuku biashara ya pembe, hata za walrasi. Watalii wakaingiwa na hofu ya kununua.

Mwanao akikuuliza kama mchongaji huyo ni jangili, utamjibuje? Mimi singemwita hivyo.