CD ya Pili

Kwa zaidi ya miaka kumi nilijua kwamba Mrs. Doubtfire inaishia hotelini. Jamaa amelewa. Kwa meza moja yeye ni mwanaume anayetafuta kazi, kwa meza nyingine yeye ni yaya mzee, na kati ya hizo meza mbili kuna choo ambamo anabadilishia nguo mbio mbio. Halafu picha inaganda. Uso wa Robin Williams unageuka vipande vya mraba, sauti inakwaruza, Baba anainuka, anatoa CD, anaipuliza, anaipangusa na shati, anairudisha. Inaganda palepale.

Hiyo ilikuwa 2008, Muthara, Tigania Mashariki. Stima haikuwa imefika kwetu. Tulikuwa na Great Wall ndogo isiyo na rangi, inayotumia betri ya gari, na betri yenyewe ilifungwa kwa baiskeli ikapelekwa sokoni kuchajiwa, kwa hivyo kuwasha TV halikuwa jambo la mchezo. Baba alikuwa mtu wa miraa. Siku nyingine alifunga mzigo, siku nyingine aliusindikiza mpaka Nairobi, na akirudi hakosi kitu mfukoni: mkate, betri za tochi, CD. Hii aliinunua Makutano, Meru, kopi ya mtaani, CD mbili kwa karatasi moja ya nailoni. Ya kwanza ilikuwa safi. Ya pili ndiyo ilikuwa na hiyo shida ya hotelini.

Kama hujawahi kuiona, hadithi ni hii. Daniel Hillard ni mwigizaji wa sauti za katuni huko San Francisco. Anawapenda watoto wake watatu lakini ni mtu wa fujo. Kijana wake akifikisha miaka kumi na miwili, anamfanyia sherehe na kuleta wanyama mpaka ndani ya nyumba. Mkewe, Miranda, ambaye ndiye anashikilia hiyo nyumba isianguke, anachoka. Korti inampa mama watoto, baba anapewa Jumamosi. Miranda anapotafuta mtu wa kazi za nyumbani, Daniel anaenda kwa ndugu yake ambaye ni fundi wa kupamba waigizaji, anatengenezewa uso wa bibi kizee, anavaa matiti ya bandia, na anaandikwa kazi kwa nyumba aliyofukuzwa.

Nyanya hakujua Kiingereza, kwa hivyo Baba ndiye alikuwa DJ wetu. Alitafsiri kila kitu kwa Kimeru, na alikuwa anaigiza sauti. Sauti ya Miranda aliifanya kavu, ya jaji aliifanya kama ya chifu, lakini ya Mrs. Doubtfire ndiyo ilikuwa kiboko: nyembamba, ndefu, tamu, kama ya mama wa kanisa anayeuliza kama umekunywa chai. Tulipofika pale matiti yanashika moto kwa jiko na Daniel anayazima kwa vifuniko viwili vya sufuria, Nyanya alicheka mpaka akaomba picha isimamishwe ameze mate. Na kijana alipomkuta yaya akikojoa amesimama, Nyanya alisema yeye alikuwa amejua zamani. Aliona mikono. Mikono hiyo, alisema, ni ya mtu wa kupasua mbao.

CD ya pili ilipoganda, dadangu mdogo aliuliza, "Sasa waliendaje? Baba yao alishikwa?"

"Alishikwa," Baba akasema.

"Halafu?"

"Halafu wakarudiana."

Basi. Tukalala.

Mwaka 2012 Mama aliondoka. Sitaeleza sababu, ni zao wawili. Wazee walikaa, chai ikanywewa, maneno yakasemwa, na Mama hakurudi. Alipanga chumba Maua, akaanza biashara ya nguo, na sisi tukabaki na Baba kwa sababu kwetu watoto ni wa boma la baba yao. Shule zikifungwa tulikuwa tunapanda gari kwenda kumwona. Sikulia sana. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilijua jinsi mambo haya huisha. Watu hugombana, baba anapata akili, wanarudiana. Nilikuwa nangoja tu CD ya pili.

Nyanya alikuwa amezeeka, hawezi tena kuinama kwa mafiga. Nani apike? Kwetu swali hilo si dogo. Mwanaume aliyetahiriwa hana kazi jikoni. Hata kijana, akishatahiriwa, hujengewa nyumba yake na chakula huletewa. Kuingia jikoni kwa mamake ni aibu kwake na kwa mamake. Baba alianza kupika usiku. Alingoja giza, anafunga mlango wa jikoni, na kwa sababu ya moshi alijifunga kichwani leso moja aliyoiacha Mama. Mtu akiita kutoka nje ya boma, leso ilishuka kwanza, sufuria ikashikwa na dadangu, na Baba akatokea akijinyoosha kama mtu aliyekuwa amelala.

Githeri yake ya kwanza iliungua. Tulikaa kimya tukiiangalia, kila mtu anaogopa kusema. Ndipo Baba, na leso yake kichwani, akatoa ile sauti. Nyembamba, ndefu, tamu. Akatukaribisha mezani kama bibi wa San Francisco, kwa Kimeru, na meza yenyewe hatuna. Tulicheka mpaka tukala githeri iliyoungua. Tangu siku hiyo, akiwa jikoni hakuwa Baba. Mambo ambayo Baba hangeweza kusema, yule bibi aliyasema. Baba hangekuuliza kama unaumwa, bibi aliuliza. Bibi alimsuka dadangu mistari miwili iliyopinda, akamwambia ni staili mpya.

Mimi nilitahiriwa Desemba 2013, baada ya kumaliza darasa la nane. Nikahamia nyumba yangu ya mbao, na jikoni sikuingia tena. Nilikuwa nimekuwa mwanaume na nilijivunia hilo vibaya.

Mwaka uliofuata ulikuwa mgumu kwa kila mtu wa miraa. Uholanzi ilikuwa tayari imefunga mlango 2013, na tarehe 24 Juni 2014 Uingereza nayo ikapiga marufuku. Hapo awali mzigo ulikuwa unavunwa, unafungwa kwa majani ya migomba usinyauke, unakimbizwa Nairobi na kupandishwa ndege, kwa sababu miraa iliyokaa siku kadhaa haina bei. Ghafla hakuna wa kukimbizwa. Baba alianza kushinda nyumbani mchana. Mwezi wa Agosti, nikiwa likizo ya kidato cha kwanza, redio ilitangaza kwamba Robin Williams amekufa huko Marekani, tarehe 11. Baba aliongeza sauti ya redio. Hakusema kitu. Hata sikujua kama alikuwa anajua jina lake.

Ni wiki hiyo, au ile iliyofuata. Jioni, mimi niko nje ya jikoni kwa stuli, nangoja chakula kama mwanaume. Ukuta wetu ni wa mbao na una nafasi. Unasikia kila kitu. Dadangu alikuwa ameshinda amejifungia, na Baba alikuwa ameenda sokoni mara mbili bila kurudi na kitu. Mara ya tatu alirudi na kifurushi kimefungwa na gazeti, tena na uzi juu, kama nyama.

Nikasikia akianza. "Mwanangu." Kimya. Akakohoa. "Mwanangu, hii kitu…" Kimya tena. Moto unalia tu. Nilitaka kuondoka nikashindwa.

Halafu ile sauti ikaja. Yule bibi. Akamweleza dadangu kwamba amemletea pedi, kwamba hii si ugonjwa, kwamba maagizo yameandikwa kwa pakiti na yeye mwenyewe ameyasoma yote pale njiani chini ya mti, kwamba akiumwa na tumbo aseme asiende shamba, na kwamba kesho atampa nauli aende Maua aongee na mamake, kwa sababu kuna mengine hata bibi kizee hayajui. Dadangu alicheka huku analia. Mimi nje nilishika kichwa. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, mwanaume kamili, na sikuweza hata kuamka kwa hiyo stuli.

Nimefikiria jioni hiyo mara nyingi. Vichekesho vya mwanaume aliyevaa kama mwanamke tunavyo kila siku. Fungua simu yako: Flaqo amejifunga kitambaa ni Mama Otis, na nyuma yake kuna vijana kibao wa mitaa na vyuo wenye leso, mto kifuani na mwiko mkononi. Nyingine nazipenda, walai. Nyingine zinachoka haraka, kwa sababu kichekesho chote ni kwamba mwanamke ni kitu cha kuchekwa: anatingisha makalio, anapiga kelele, imeisha. Filamu ya Chris Columbus ya 1993, iliyotokana na kitabu cha Anne Fine cha 1987, inacheka upande mwingine. Anayechekwa ni Daniel. Anaungua, anachoka miguu, hajui kupika, na ile barakoa haiwezi kumfanyia kazi. Inabidi ajifunze. Watengenezaji wa ule uso walishinda tuzo ya Oscar 1994, na walistahili. Lakini mimi nilishaona mtu akifanya hivyo kwa leso moja iliyonuka moshi.

Sasa niseme yangu. Nilijiunga na chuo Nairobi 2018. Machi 2020 korona ilifunga vyuo, na vilipofunguliwa mimi sikurudi. Fee ilikuwa imenishinda, na tukisema ukweli, kusoma kwenyewe kulikuwa kumenishinda pia. Nikaanza kuandikia watu vitu mtandaoni kwa malipo. Nyumbani sikusema. Kila Jumapili Baba akipiga simu nilivaa sauti ya mwanafunzi. Lekcha anatusumbua, Baba. Tuna mtihani, Baba. Nilikuwa mzuri sana. Nilienda hivyo mwaka mzima.

Usiku mmoja wa 2021 kazi ilikuwa imekosa, bando ilikuwa imebaki, nikatafuta Mrs. Doubtfire nikaiona kwa laptopu, nzima, kwa rangi. Nilipofika hotelini nilishika pumzi. Haikuganda. Barakoa inavuka mbele ya mke na watoto. Wanaenda kortini. Daniel anaongea kama mtu anayeomba hewa, na jaji anakataa. Anampunguzia hata Jumamosi, sasa lazima asimamiwe. Mwishowe Miranda mwenyewe analegeza, anamruhusu kuwachukua watoto baada ya shule. Lakini harudi kwake. Hawarudiani. Mrs. Doubtfire anabaki kwa kipindi cha TV cha watoto, akimjibu msichana aliyeandika kwamba wazazi wake wametengana, na hamdanganyi. Anamwambia wengine hurudiana na wengine hapana, na kwamba kosa si lake.

Nilikasirika kama mtoto. Nikaingia mtandaoni kuthibitisha. Kumbe rasimu za mwanzo ziliwarudisha pamoja, na Columbus na Williams wakakataa. Kumbe pia Kamal Haasan aliigiza hadithi ya aina hiyo kwa Kitamil 1996 na kwa Kihindi 1997, Chachi 420, na huko mume na mke wanapatana. Nikajiambia labda Baba aliona hiyo ya Kihindi akachanganya.

Kesho yake ilikuwa siku ya kazi, si Jumapili. Nikampigia saa saba mchana.

"Baba, unakumbuka ile muvi ya bibi?"

"Ile ya kuganda?"

"Nimeona mwisho. Hawakurudiana."

Akanyamaza kidogo. "Najua," akasema. "Nilikuwa nimeiona Nairobi kitambo, kwa jamaa fulani wa mzigo. Ndiyo maana niliinunua."

"Na ulituambia walirudiana."

"Ulikuwa na miaka tisa."

Nyuma yake nilisikia watu wakiongea, sauti za wanaume, nikajua kuna wageni bomani. Nikaona nikingoja Jumapili nitavaa ile sauti tena. Nikamwambia. Chuo niliacha, Baba, mwaka jana. Ni mwaka mzima. Nilikuwa nakudanganya.

Nilingoja. Nilingoja hata yule bibi atokee, niseme ukweli. Ingekuwa rahisi kwangu kama angetokea. Hakutokea.

"Umekula?" Baba akauliza. Ilikuwa sauti yake, ile nzito, ya kila siku.

"Bado."

"Ngoja, usikate simu," akasema. "Nishushe sufuria kwanza, tuongee."

Nikamsikia akiweka simu chini, akimwambia mtu asogee, na kifuniko kikigonga.