Barakoa inayotupwa Kilosa haiishii Kilosa

Kilosa/Mikumi. Kutoka mjini Kilosa hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 200. Watoto wengi wa hapa huiona bahari kwenye vitabu vya shule na kwenye televisheni. Ndiyo maana mzazi wa Kilosa akisikia habari za plastiki baharini, ni rahisi kudhani hilo ni tatizo la watu wa Bagamoyo, Tanga na Zanzibar.

Ukiufuata Mto Mkondoa, hesabu inabadilika. Mto huo unashuka kutoka milimani, unapita Kilosa, kisha unaingia uwandani na kukutana na Mto Mkata. Kuanzia hapo maji yanaitwa Wami. Wami unapita Dakawa kwenye mashamba ya mpunga, unapita chini ya daraja la barabara ya Chalinze–Segera, na kumwaga maji baharini jirani na Hifadhi ya Taifa ya Saadani.

Kwa maneno mengine, mtaro unaopita nyuma ya nyumba Kilosa una njia ya kufika baharini. Miongoni mwa vitu vinavyoweza kusafiri njia hiyo vimo ambavyo mzazi alivinunua kwa nia njema kabisa: barakoa na glovu, pamoja na ndugu zao wa karibu, pampasi na pedi.

Dirisha la basi Mikumi

Msafiri anayetoka Dar es Salaam hufika Mikumi baada ya takriban kilomita 300. Kabla ya kuingia mjini, Barabara Kuu ya Tanzania–Zambia humpitisha ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa umbali wa kilomita 50 hivi. Ni moja ya sehemu chache nchini ambako mtoto anaweza kumwona twiga au tembo bila mzazi kulipa kiingilio, kwa nauli ya basi tu.

Dirisha hilohilo ambalo mtoto amebandika uso ndilo linalotoa chupa ya maji, mfuko wa chipsi na barakoa iliyovaliwa tangu Ubungo. Nyani wa Mikumi wameshazoea. Wanakaa kando ya lami wakisubiri mabaki ya chakula, na wakifuata chakula hukutana pia na plastiki iliyokifunga, na magari yaendayo kasi.

Uwanda wa Mkata, ambao ndio moyo wa hifadhi hiyo, unaonekana mkavu miezi mingi ya mwaka. Masika ukageuka. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipopita uwanda huu mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, mvua zilikuwa zimeugeuza kuwa matope na maji yaliyoutesa msafara wake. Maji hayo yanakusanywa na Mto Mkata na kupelekwa kaskazini, kwenye Wami.

Upande wa kusini wa mji wa Mikumi, njia ya Kidodi na Kidatu, unapita Mto Ruaha Mkuu. Huo unaingia Rufiji, na Rufiji unafika baharini kwenye mikoko mikubwa inayotazamana na Kisiwa cha Mafia. Hivyo eneo hili lina njia mbili za kwenda baharini, ya kaskazini na ya kusini.

Begi la mama mjamzito

Barabara ya kutoka Mikumi kwenda Kilosa inapita vijiji kama Zombo na Ulaya. Ndiyo, kuna Ulaya ndani ya Kilosa, na asiye mwenyeji hutabasamu akisikia konda akiitaja.

Vijijini, gari la taka halipiti kila nyumba. Taka za familia huishia kwenye shimo nyuma ya nyumba, na zinapojaa huchomwa. Ndani ya shimo hilo hakuna tu maganda ya ndizi na majivu.

Sehemu nyingi nchini, mama anayekaribia kujifungua hujiandaa na begi lenye kanga, pamba, wembe na glovu. Glovu zinazobaki hurudi nyumbani. Nyingine hutumika kuoshea vyombo, nyingine hupewa watoto wazipulize kama puto. Barakoa nazo ziliingia kwenye nyumba nyingi baada ya mgonjwa wa kwanza wa corona kutangazwa nchini Machi 2020, na hazijaondoka kabisa. Leo huvaliwa kwa kikohozi, vumbi au safari ndefu.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba barakoa ile ya bluu ya dukani si karatasi wala kitambaa. Ni plastiki aina ya polipropilini iliyotengenezwa kwa nyuzi nyembamba sana na kupangwa tabaka tatu. Ikikaa juani na kwenye maji haiozi kama jani. Inachanika na kutoa nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo viumbe wa majini huweza kuzimeza.

Mto unapokuja juu ya shimo

Kilosa inaujua Mkondoa vizuri. Tuta lililojengwa zamani kuukinga mji lilizidiwa mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010. Maelfu ya watu walikosa makazi, familia zikaishi kwenye mahema, na Reli ya Kati ikaharibiwa. Januari 2014 ikawa zamu ya Dumila na Magole, ambako mafuriko yalikata barabara ya Morogoro–Dodoma.

Mafuriko ya namna hiyo hayachukui magodoro na magunia ya mahindi pekee. Yanafukua mashimo ya taka, yanasafisha mitaro, na kubeba kila kinachoelea. Barakoa ni nyepesi na ina kamba. Inaelea, inanasa kwenye matete, maji yakiongezeka inanasuka na kuendelea na safari.

Kwenye mwisho wa safari hiyo kuna watu na viumbe. Maji ya pwani karibu na mdomo wa Wami ni sehemu maarufu ya uvuvi wa kamba. Ufukwe wa Madete, ndani ya eneo la Saadani, ni mahali ambapo kasa hupanda kutaga mayai. Upande wa Mafia, papa potwe huja kujilisha kwa kuchuja maji, wakimeza chochote kilichomo.

Ushahidi wa wengine

Mwaka 2020, siku takriban 100 baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wake wa kwanza wa corona, watafiti walihesabu taka kwenye mitaa na fukwe za Kwale, Mombasa na Kilifi. Vifaa vinavyohusiana na ugonjwa huo vilifikia hadi asilimia 16.5 ya taka walizozikuta mitaani. Mtaani ndiko safari ya baharini inakoanzia.

Agosti mwaka huohuo, watu waliokuwa wakisafisha mifereji ya mji wa Leiden, Uholanzi, walimkuta samaki mdogo amenasa na kufia ndani ya glovu ya mpira. Haikuwa baharini. Ilikuwa kwenye mfereji wa katikati ya mji.

Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba hadi Agosti mwaka huo, corona ilikuwa imezalisha zaidi ya tani milioni 8 za taka za plastiki duniani, na zaidi ya tani 25,000 kati ya hizo zilikuwa zimefika baharini. Sehemu kubwa zilitoka hospitalini, kisha mito ikazibeba. Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo lilieleza Februari 2022 kwamba vituo 3 kati ya kila 10 vya afya duniani havikuwa na uwezo wa kushughulikia hata taka zao za kawaida. Katika nchi maskini zaidi hali ilikuwa mbaya zaidi.

Takwimu hizo zinampunguzia mzazi lawama, ila hazimwondolei wajibu. Hospitali ina kichomea taka, ndoo za rangi tofauti na mtu aliyepewa kazi hiyo. Nyumbani mwenye kazi hiyo ni baba, mama au mtoto aliyetumwa kumwaga taka.

Sheria imefika wapi

Watanzania wameshaonyesha kwamba wanaweza kubadilika haraka. Machi 2017 pombe za viroba zilipigwa marufuku. Juni 1, 2019 ikawa zamu ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na sokoni watu wakahamia kwenye vikapu na mifuko mbadala.

Hata hivyo, katazo la 2019 liliacha nje vifungashio vya huduma za afya, na kwa sababu nzuri. Barakoa na glovu nazo hazikuguswa. Hakuna anayetaka muuguzi amzalishe mama kwa mikono mitupu. Ugonjwa wa Marburg ulipoingia Kagera Machi 2023, watu 6 walifariki, akiwemo mhudumu wa afya. Kwenye ugonjwa kama huo, vifaa kinga ndivyo vinavyomrudisha muuguzi nyumbani kwa watoto wake.

Kwa hiyo swali la familia si kama waache kinga. Swali ni lini inahitajika kweli, na ikishatumika inakwenda wapi.

Vaa pale inapohitajika

Hospitali ya watoto ya Great Ormond Street jijini London iliwahi kujiuliza swali hilo. Mwaka 2018 ilianza kuwaelimisha wauguzi waache glovu pale zisipohitajika na waoshe mikono badala yake. Ndani ya mwaka mmoja ilipunguza takriban tani 21 za plastiki. Kama hospitali ya watoto wagonjwa iliweza, nyumbani inawezekana.

Glovu inahitajika mikono inapogusa damu, kidonda kibichi, matapishi au kinyesi cha mgonjwa. Haihitajiki kumlisha mtoto, kumvalisha, kumpima joto wala kumbeba. Kwa vyombo na usafi wa choo, tumia glovu nzito za mpira zinazooshwa na kurudiwa. Na ukivua glovu ya aina yoyote, bado unatakiwa kunawa kwa sabuni.

Barakoa ya kitambaa yenye tabaka mbili au tatu, ikifuliwa kwa sabuni kila siku, inatosha kwa vumbi la kufagia na kwa safari. Kwa anayemuuguza mgonjwa wa kifua kikuu hali ni tofauti. Huyo afuate maelekezo ya kituo cha afya, afungue madirisha, na asihesabu gharama ya barakoa kuliko afya yake.

Kwenye pampasi, hesabu iko wazi. Mtoto anayetumia 5 kwa siku anamaliza 1,825 kwa mwaka. Akivalishwa nepi za kitambaa mchana na kuachiwa pampasi 2 za usiku na safari, zinabaki 730. Mfuko wa mzazi unapumua, na shimo la nyuma ya nyumba pia. Pedi za kufua zinafanya kazi hiyohiyo kwa binti, mradi zifuliwe kwa sabuni na zikaushwe juani.

Itupe ili isirudi

Glovu zilizotumika kituo cha afya ziache palepale. Usizibebe kurudi nazo nyumbani. Unayemuuguza mtu nyumbani, muulize mhudumu wa afya ngazi ya jamii namna ya kurudisha kituoni sindano na vitu vilivyolowa damu.

Barakoa ya nyumbani kata kamba zake kabla ya kuitupa, ili isimnase ndege au samaki. Ifunge kwenye karatasi, iweke kwenye ndoo yenye mfuniko ambayo mtoto hawezi kuifungua. Pampasi mwaga kwanza choo chake, kisha ikunje. Usiitumbukize kwenye choo cha shimo, maana itakijaza kabla ya wakati.

Kuchoma uani ni njia ya mkato yenye gharama. Moshi wa plastiki unaingia kwenye mapafu ya watoto wanaocheza pembeni, na baadhi ya glovu, hasa za vinili, zikiungua hutoa sumu iitwayo dioksini. Kama hakuna gari la taka, shimo liwe juu ya mwinuko, mbali na kisima na mtaro, na kila tabaka la taka lifukiwe kwa udongo.

Safarini, mfuko mmoja wa taka kwa familia nzima unatosha. Utupwe stendi, si dirishani katikati ya hifadhi.

Kazi hii ina msimu wake. Kiangazi, Mkondoa ukiwa chini na wanawake wakifua mchangani, ndipo shimo la taka hukaguliwa, mtaro huzibuliwa na vilivyoelea mwaka jana huokotwa. Masika yakianza, mto utachukua kila utakachokikuta, na Saadani hakuna wa kuuzuia.