Udongo wa Kolwezi Washuka Lualaba

Msafiri atokaye Likasi kwenda Kolwezi huvuka mto Lualaba, kisha hufika kwenye uwanda wa juu, mita 1,400 na zaidi toka usawa wa bahari. Akipita mwezi wa Septemba huona moshi na vumbi tele, hata jua lenyewe huwa jekundu. Akirudi Desemba, mto una rangi ya matofali. Rangi ile ndiyo habari yetu.

Nchi hii ina majira mawili tu. Tangu Mei hadi Septemba mvua ni kama haipo, na ardhi hukauka ikawa ngumu kama sakafu. Kisha mvua huja kwa kishindo, na zile za kwanza hudhuru kuliko zote, maana huikuta ardhi ingali tupu. Penye msitu wa miombo, matawi hupokea tone la mvua, na majani makavu yaliyo chini hulinyonya. Penye ardhi tupu tone hupiga udongo kama nyundo na kuziba vitundu vyake. Maji yakikosa pa kuingia hufuata mteremko. Tena rutuba ya udongo wa miombo imo katika tabaka jembamba la juu, na hilo ndilo liondokalo kwanza.

Ni nani aliyeivua nchi nguo zake? Wengi hunyosha kidole kwenye machimbo, nao hawakosei. Tangu siku za Union Minière, iliyoujenga mji huu katika miaka ya 1930, hadi Gécamines tangu 1967, na makampuni ya leo yatafutayo kobalti, vilima vimegeuzwa mashimo, na mawe yasiyo na faida yamerundikwa yakawa vilima vipya visivyo na mizizi ya kuvishika. Lakini machimbo yana dhara jingine lisiloonekana upesi. Shamba lililo karibu na mji likitwaliwa, mkulima huhamia mbali, pengine mtelemkoni. Hufyeka, huchoma, hulima matuta yanayoshuka pamoja na kilima. Kila tuta la namna hiyo ni mfereji. Nao mji ukikua wataka makaa, ambayo huku huitwa makala. Basi baiskeli zilizolemewa magunia hutoka porini alfajiri.

Hapa pana jambo ambalo mimi naliona gumu kuwaeleza wanafunzi. Katika magenge ya Nzilo, mto Lualaba ulizuiwa kwa bwawa mwanzoni mwa miaka ya 1950, ili umeme wake uende machimboni. Nyaya hupita juu ya vijiji ambamo akina mama hupika kwa makala. Miti hukatwa kwa kuwa umeme hauwafikii. Udongo ulio wazi husombwa. Maji yakifika katika ziwa la bwawa lile yakatulia, tope hutua chini. Ziwa litoalo umeme lapungua kina polepole.

Hata hivyo mti wa miombo haufi upesi. Kisiki kisipong'olewa huchipua tena, maana mizizi ingali hai. Moto wa kila mwaka ndio uuao machipukizi. Na mkulima akilima matuta yakatayo mteremko, akaacha ukanda wa nyasi kati ya shamba na shamba, maji hupunguza mbio na kuingia ardhini. Kazi hiyo hufanywa Agosti na Septemba, kabla ya kupanda, wakati uleule ambapo jirani zake wanawasha moto.